Aliyesubiri Kuitikiwa

Lorna Pruitt alifika mjini kwetu mwanzoni mwa Julai akiwa na begi moja la mgongoni na Kihungaria cha kuombea maji na kuulizia choo. Chuo kikuu cha hapa, kando ya mto Tisza, huendesha kila kiangazi kozi ya utamaduni na mawasiliano ya Kihungaria kwa wanafunzi wa kigeni, na mimi, Emőke, ndiye niliyekuwa mwalimu wao wa mazungumzo. Mwaka ule lilikuwa darasa dogo. Wengi walitoka nchi za jirani. Lorna peke yake ndiye aliyetoka mbali, Marekani, jimbo la Ohio.

Kabla ya kufundisha kitenzi chochote mimi hufundisha salamu. Huwaambia kwamba huku kwetu salamu ndiyo mlango. Mtoto humwambia mkubwa "nabusu mkono", ndiyo shikamoo yetu, na aliyelelewa vizuri hasemi neno jingine mpaka aitikiwe. Mkubwa anayesikia akanyamaza amemtukana mtoto huyo pamoja na waliomzaa.

"Na kama mkubwa ana chakula mdomoni?" aliuliza Ignacy, kijana wa Kipolandi asiyeishiwa maneno.

"Atameza."

"Na kama ni kiziwi?"

Darasa likacheka. Lorna hakucheka. "Kama ni kiziwi," alisema polepole, akiyatafuta maneno moja moja, "mtu mwingine anaitikia kwa niaba yake."

Baadaye ndipo nilipoelewa. Mama yake alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, baba hakuwepo, na Lorna ndiye aliyekuwa masikio ya nyumba tangu akiwa na kimo cha meza. Mlango ukigongwa, simu ikilia, jirani akiita uani, anayeruka ni yeye. Hata alipokuwa msichana mkubwa hakuweza kusikia mtu akiita halafu akakaa kimya. Ni kama kuwashwa, aliniambia. Huwezi kujizuia, lazima ujikune.

Nilimtafutia chumba kwa Bibi Etelka, nyumba ya kwanza ya Mtaa wa Mierebi, mtaa niliokulia mimi mwenyewe. Bibi Etelka alikuwa amepita miaka themanini, mrefu, mkavu, hajapata kuolewa. Kila kiangazi alimpokea mwanafunzi mmoja kwa sababu, kama alivyopenda kusema, nyumba ikinyamaza sana huanza kujisemea yenyewe. Alikuwa amekaa na Wafini, Waitalia, hata binti mmoja wa Kijapani, na hakuna lililotokea.

Wiki ya kwanza haijaisha, Lorna alirudi mapema kutoka darasani wakakaa varandani kula chakula cha mchana. Ilikuwa supu baridi ya cheri. Mitungi ya matango ilikuwa imepangwa ukingoni kwenye jua, kila mmoja na kipande chake cha mkate juu ili yachachuke. Kengele za kanisa za saa sita zikalia, zikanyamaza. Hapo ikasikika sauti ya mtoto wa kike langoni.

"Shikamoo, dada Etelka."

Bibi Etelka akaendelea kunywa supu. Sauti ikarudia. Lorna akageuka akatazama uzio. Baina ya mbao hakuona kichwa wala gauni. Mara ya tatu sauti ilikuwa imeshuka, kama ya mtu anayeogopa kusumbua.

"Bibi, kuna mtoto nje."

"Kunywa supu, itapata moto."

"Anakuamkia. Anakuita dada."

"Kunywa, nimesema!"

Lorna alikuwa ameshasimama. Alishuka ngazi, akasema kwa sauti, kwa matamshi yale niliyomfundisha mimi, "Marahaba, mdogo wangu! Karibu ndani."

Nyuma yake bakuli likaanguka likapasuka. Mbele yake komeo likainuka, na lango likafunguka kiasi cha mtoto kupita kwa ubavu. Nje palikuwa na barabara nyeupe kwa jua, na paka wa jirani amelala chini ya gari. Hapakuwa na mtu.

"Umefanya nini?" Bibi Etelka alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Nimeitikia tu."

"Nani amekwambia uitikie?"

"Mwalimu Emőke."

Jioni ile Bibi Etelka alinipigia simu. Hakuuliza hali. "Mwanangu," alisema, "wewe umezaliwa mtaa huu. Umemfundisha nini huyu binti?" Akakata.

Nilikaa kitako. Watoto wa Mtaa wa Mierebi hufundishwa mambo matatu mapema: usile aprikoti mbichi, usiogelee penye mkondo, na kiangazi, baada ya kengele za saa sita, ukisikia mtoto anaamkia langoni, usiitikie. Mara ya kwanza nilipotaka kuitikia bibi yangu aliniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka kitunguu, akanishikilia hivyo mpaka sauti ikapita. Ilikuwa inaanzia kwa Bibi Etelka, inapanda mtaa lango kwa lango, ikimwamkia kila mwenye nyumba kwa jina lake, mpaka nyumba ya mwisho chini ya tuta la mto, na hapo inakoma. Watu walipandisha sauti za redio. Wengine walianza kupiga misumari. Hakuna aliyeeleza, nasi watoto tukaizoea kama unavyozoea harufu ya nyumbani. Wageni wa Bibi Etelka waliisikia wakadhani ni mtoto wa jirani anacheza. Kihungaria chao hakikutosha kujua kwamba wanasubiriwa.

Kesho yake mtaa mzima ulikuwa na habari. Nilipopita, Vilma, jirani wa ukuta mmoja na Bibi Etelka, alikuwa langoni na aproni yake.

"Emőke, jana hakupita. Wala leo. Amekwenda likizo?"

"Sijui, shangazi."

"Miaka yote hiyo namsikia, leo masikio yananiuma kwa ukimya." Akacheka, lakini alikuwa akijifuta jasho lisilokuwepo.

Hakupita kwao kwa sababu alikuwa ameingia kwa Bibi Etelka.

Katika wiki zile mbili zilizofuata Lorna alianza kusema Kihungaria kwa ufasaha, na hilo ndilo lililonitisha kuliko lango. Wanafunzi huendelea hatua kwa hatua, wanajikwaa, wanarudi nyuma. Yeye alikuwa anaamka kila siku na maneno mapya ambayo hakuna aliyemfundisha. Na hayakuwa maneno ya leo. Aliita jiko la nje kwa jina alilolitumia bibi yangu. Mwisho wa sentensi aliuvuta kwa lafudhi ya watu wa ukingo wa mto, lafudhi ambayo redio na shule zimeshaifuta. Ignacy akamtania, "Lorna, umekula mkongwe gani?" naye akamjibu kwa utani wa kitoto ambao sikuwa nimeusikia tangu bibi yangu azikwe.

Alikuwa amepungua pia. Macho yalikuwa yameingia ndani. Nikamwuliza kama analala vizuri.

"Nalala, Mwalimu. Ila sakafu ya varanda kila mchana ina maji. Nyayo ndogo. Nazipangusa kabla Bibi hajaziona."

"Na mtoto?"

"Yupo. Simwoni, lakini nikimgeukia najua amesimama wapi. Anaitwa Rozika. Nilipomwitikia siku ile akaanza kusema, hakuacha. Kila siku anasema jambo moja, ila mimi silielewi lote. Nimeona haya kukuuliza. Nisaidie. Anasema mama yake amemtuma aje kusema maji yameshatoka."

Ignacy aliyekuwa anasikiliza pembeni akadakia. "Yametoka wapi, bombani? Mwambie aite fundi!"

Wenzake wakacheka. Lorna mwenyewe akatabasamu. "Nilidhani ni mafuriko. Nikamwambia mto uko chini mwaka huu, asiogope. Akalia."

Mimi nimezaa watoto wawili. "Si maji ya mto, Lorna," nikamwambia. "Mama yake ana uchungu. Anajifungua."

Lorna alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba simu aliyoipokea vibaya wiki mbili nzima ilikuwa ya hospitali.

"Basi anataka mtu aende," alisema. "Na mimi nimemwambia asiogope."

Nilimkataza asirudi kule. Nilimwambia alale kwangu, na kwa siku mbili alilala. Jumamosi alisema anakwenda na Ignacy na wenzake kuogelea ng'ambo ya mto, nikafurahi. Asubuhi hiyo nilikwenda kwa Bibi Etelka peke yangu, nikamkuta jikoni uani akimenya viazi.

"Rozika ni nani?" nikamwuliza kabla sijaketi.

Kisu kikasimama. Kisha akasema bila kuinua uso, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayesimulia bei za sokoni.

"Rozika Bankó. Walikaa pale nyuma, kiwanja kile cha magugu. Baba yake alikuwa na shamba kubwa kidogo kuliko letu na farasi wawili, basi miaka ile ya ukomunisti hayo yalitosha kumfanya mtu adui wa watu. Watu wa serikali walimchukua usiku wa Krismasi. Alibaki mke na mimba, na huyo mtoto. Halafu akaja Rezső, nyumba kwa nyumba."

"Mzee Rezső? Wa nyuki?"

"Huyo huyo. Wakati huo kijana wa halmashauri, kofia mpya, viatu vinalia. Alituambia, atakayewaitikia akina Bankó hata salamu ataandikwa pamoja nao. Hakupiga mtu. Alisema hivyo tu, kwa adabu, akanywa maji akaenda. Na sisi, mwanangu, hatukuitikia. Mama yake alipopita tuliangalia chini. Lakini mtoto hakuelewa. Aliendelea kutuamkia. Kila siku, kila mtu, kwa jina. Tulikuwa tunaikwepa salamu ya mtoto wa miaka saba."

Alichukua kiazi kingine, akakishika tu.

"Juni ile mto ulikuwa umejaa. Mimi nilikuwa msichana wa kumi na saba, nimekaa pale varandani, mikono ndani ya mtungi wa matango. Kengele zikalia. Akaja langoni. 'Shikamoo, dada Etelka.' Nikamwona uso. Mtoto amekimbia, nywele zimemganda. Nikajua kuna jambo. Nikasubiri aseme. Naye akasubiri niitikie, maana mama yake alimfunza hivyo, husemi shida yako kabla hujaitikiwa. Tulitazamana. Akasema tena. Akasema mara ya tatu. Nikageuza uso."

"Bibi..."

"Ngoja. Alikwenda kwa jirani. Nikamsikia anaamkia. Akaenda lango la pili, la tatu. Mtaa wote, Emőke. Watu walikuwa nyumbani, ni wakati wa chakula. Hakuna aliyefungua kinywa. Kwa Rezső alisimama kuliko kwingine kote. Halafu akapanda tuta. Mkunga alikaa ng'ambo. Mtumbwi wa baba yake ulikuwa umefungwa pale kwenye mierebi, akaufungua." Alikiweka kiazi chini. "Walimwokota siku ya tatu, mbali kule chini. Mama yake tulimsikia mchana kutwa. Jioni hatukumsikia tena. Mtoto mchanga hakulia hata mara moja."

Nje nyigu walikuwa wanazunguka mitungi. Kengele za saa sita zikaanza, na simu yangu ikalia pamoja nazo. Alikuwa Ignacy.

"Mwalimu, Lorna yuko na wewe? Alituambia tutangulie, amesahau taulo kwa Bibi Etelka. Tunamsubiri tangu asubuhi."

Bibi Etelka alishasimama. Sikuhitaji kumwambia. Alichukua fimbo yake, tukatoka kwa mlango wa uani, na nyasi za kiwanja cha akina Bankó zilikuwa zimelala katika mstari mmoja mwembamba, kama wamepita watu wawili wakifuatana.

Tulimkuta katikati ya misingi ya ile nyumba, mahali ambapo pengine palikuwa chumba. Alikuwa amepiga magoti kwenye magugu, mikono ya blauzi ameikunja hadi juu ya viwiko. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nyingi, lakini nguo zake zilikuwa zimelowa mpaka kiunoni na midomo yake ilikuwa ya bluu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefumba hewani, umekazwa, kama unashikwa na mtu mwenye nguvu. Kucha zilikuwa nyeupe.

"Bado kidogo, mama," alikuwa akisema kwa lafudhi ile ya zamani, kwa sauti nyembamba isiyokuwa yake. "Wanakuja. Nimewaambia, wanakuja. Bado kidogo."

"Lorna!" nikamwita. Nikamshika bega. Mwili ulikuwa wa baridi kama jiwe la kisimani. Nilimwita kwa jina lake kamili, nilimwita kwa Kiingereza. Hakunigeukia. Alikuwa anasikiliza kitu kingine. Nilijaribu kumwinua nikashindwa. Msichana mwembamba yule alikuwa mzito kama amefungwa chini.

Bibi Etelka alisimama ukingoni mwa misingi. Alikuwa hajakanyaga pale tangu ujana wake. Nilidhani atageuka arudi. Badala yake alivuka yale mawe, akatupa fimbo, akashuka chini goti moja baada ya jingine, mifupa ikilia.

"Marahaba, Rozika," alisema.

Upepo ulikatika. Hata nyigu sikuwasikia.

"Marahaba, mdogo wangu. Dada Etelka amekusikia. Sema ulichotumwa."

Sauti ikatoka nyuma yetu, si kwa Lorna. Ilitoka kwenye nyasi zile zilizolala, na ilikuwa na haraka, maneno yakigongana kama ya mtoto aliyeyabeba muda mrefu akiogopa kuyasahau. "Dada Etelka, mama anaomba uje, maji yameshatoka, na kama huwezi umtume mtu kwa mkunga ng'ambo, mama anasema asante, na mimi siwezi peke yangu."

"Nakuja," alisema Bibi Etelka. "Nimeshafika. Nenda kakae, utapata baridi."

Akanyoosha mkono wake mkavu akauweka juu ya mkono uliofumba wa Lorna. Nikaona vidole vya Lorna vinalegea kimoja kimoja, na vya Bibi Etelka vinakazwa. Uso wa mzee ukakunjamana kwa maumivu lakini hakuutoa mkono. Lorna akaniangukia mapajani. Alikuwa anapumua kama mtoto aliyelala.

Tulikaa pale mpaka kivuli cha nyumba ya Vilma kikatufikia. Bibi Etelka alikuwa anazungumza chini kwa chini na mtu nisiyemwona. Yalikuwa maneno ya kawaida ambayo wanawake huambiana saa kama hiyo. Mwisho akanyamaza, akafungua kiganja, akakitazama. Kulikuwa na alama nne nyekundu za kucha.

"Msaidie huyo mtoto avae kitu kikavu," aliniambia. "Mimi nitainuka mwenyewe."

Lorna hakukumbuka chochote baada ya kufungua lango kuchukua taulo. Kile Kihungaria cha ajabu kiliondoka siku hiyo hiyo. Jumatatu alikosea vitenzi kama wenzake, na kwenye mtihani wa mwisho alipata alama za katikati. Ignacy alimwambia, "Afadhali. Ulikuwa unatutia aibu." Lorna alicheka, kisha akaniuliza pembeni kama nadhani yule mama alimsikia akisema wanakuja. Nikamwambia ndiyo. Sijui kama ni kweli. Mwishoni mwa Julai alirudi Ohio, na kwa Krismasi alinipigia simu ya video, mama yake pembeni akinipungia mkono.

Lakini Jumapili ile, siku moja baada ya yale ya kiwanjani, nilikuwa kwa Bibi Etelka kengele zilipolia. Tulishikana mikono. Langoni palikuwa kimya. Bibi Etelka akaanza kulia kwa utulivu, machozi ya mtu aliyetua mzigo. Ndipo tukasikia, nyumba ya pili, wazi kama kawaida:

"Shikamoo, shangazi Vilma."

Alikuwa anaendelea na safari yake. Vilma mwenyewe alikuwa mtoto mchanga miaka ile, na aliyeitwa kwa jina hilo ni bibi yake, marehemu zamani. Alikuja mbio kwetu na mwiko mkononi. "Mbona amesimama kwangu tu? Mbona hapiti?"

"Kwa sababu sasa ni zamu yako," alisema Bibi Etelka. "Mwitikie."

"Si mimi niliyemnyamazia!"

"Hakuna mwingine wa kumwitikia."

Ilimchukua Vilma siku nne. Siku ya nne aliitikia, akasikiliza ule ujumbe wote, akasema nakuja, akatembea mpaka kiwanjani akakaa kwenye magugu na aproni yake. Alituambia mkono alioushika ulikuwa wa moto. Keshoye sauti ilikuwa nyumba ya tatu.

Hivyo mtaa ukaanza kumwitikia. Wengine mara moja, wengine baada ya kusukumwa. Mama yangu, ambaye bado anakaa nyumba ya bibi yangu, aliitikia akiwa na unga mpaka viwikoni, akaenda hivyo hivyo. Kijana mmoja aliyehamia kutoka Budapest, asiyejua lolote, alidhani tunamtania. Aliporudi kutoka kiwanjani alikaa ngazini kwake, mkewe akaleta pombe kali ya aprikoti na tukanywa wote barabarani. Kiangazi kile kikaisha, cha pili kikaja, na mwishoni mwake ikabaki nyumba moja tu, ile ya chini ya tuta.

Mzee Rezső alikuwa na karibu miaka tisini, anakaa na binti yake Kinga, mwalimu mstaafu wa hesabu. Alikuwa mzee wa heshima. Asali yake ilikuwa kwenye meza ya kila mtu. Kila mchana kengele zikilia alivaa kofia ya nyuki, ile yenye wavu, akaenda nyuma kwenye mizinga akakaa humo kwenye mvumo.

"Baba, yuko langoni," Kinga alimwambia mbele yangu. "Nakuomba."

"Nani?"

"Unamjua ni nani."

"Mimi nasikia nyuki tu."

Kinga alijaribu kuitikia badala yake. Sauti haikumjali. "Shikamoo, kaka Rezső," ilisema, na kusubiri, na kusema tena. Haikuwa inahama sasa, wala kupanda tuta. Ilikuwa inabaki langoni pake tangu kengele mpaka saa tisa, na kiangazi cha tatu ikawa mpaka jua linazama. Majirani waliacha kupita upande ule. Nyuki walihama, mzinga baada ya mzinga, mpaka mvumo ukaisha, na mzee akabaki amekaa na kofia yake mbele ya masanduku matupu.

Siku nyuki wa mwisho walipoondoka, Kinga alinipigia nikafika mbio. Mzee Rezső alikuwa amevaa suti. Alishuka ngazi bila kushikwa, akafungua lango lote wazi, akavua kofia. Tulikuwa pale Kinga, mimi, Bibi Etelka kwenye kiti alicholetewa, na karibu mtaa mzima umesimama mbali kidogo.

Kengele zilinyamaza. Tukasubiri ile sauti. Haikuja. Mzee alisubiri, kofia mkononi, jasho likimtiririka. Mwishowe yeye ndiye aliyesema, kwa sauti iliyopasuka, mzee wa miaka tisini kwa mtoto wa miaka saba:

"Shikamoo, Rozika."

Hakuna kilichojibu. Akasema tena. Mara ya tatu ilikuwa ya chini kabisa.

Bibi Etelka aliinuka kwenye kiti. "Ameshakwenda, Rezső," alisema. "Umechelewa."

Toka siku ile hatukumsikia tena mtoto Mtaa wa Mierebi. Lakini Mzee Rezső aliendelea kutoka kila mchana na suti yake, akasimama langoni akaiamkia barabara, na kusubiri, na kuamkia tena. Theluji ilipoanguka alitoka. Kinga alikuwa anamfuata na koti. Alikufa mwezi wa Machi, na tulimzika kwa heshima, kwa sababu tulikuwa tumekula asali yake.

Sasa Kinga anauza ile nyumba. Ni nyumba nzuri, paa jipya, bustani hadi mtoni. Wanunuzi anawaita asubuhi, na saa tano na nusu anaanza kuwasindikiza, anawaharakisha mpaka kwenye gari. Nilipomwuliza kuna nini hakunificha. Huwa anaenda kukaa chooni, alisema, na kufungulia maji yote, kwa maana langoni kuna mtu anayeamkia, na sauti ni ya baba yake, na anayeamkiwa si yeye, ni Rozika.